Faili Lenye Tarehe ya Zamani

Mwakeye! Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi.

Nawashukuru wenyeji wetu kwa kuniita. Naona waliotoka Kasulu na Kibondo wameshafika, na kuna dada mmoja ameniambia pale mlangoni kwamba aliingia jana kutoka Kakonko, amelala kwa shangazi yake Mwanga na kesho alfajiri anageuza. Mtu aliyesafiri hivyo hastahili kupotezewa muda, kwa hiyo naingia kazini moja kwa moja.

Hapa mezani nimeweka kompyuta tatu na swichi moja, kifaa kinachoziunganisha kwa nyaya za mtandao. Hizi mbili ni za mtumba. Zilichoka ofisini, nikazinunua, nikaziongezea kumbukumbu na diski. Hii ya tatu inaenea kiganjani, nimeibandika kwa gundi ya karatasi ili isivutwe na nyaya zake. Zote zinawaka tangu saa moja asubuhi. Kazi yake mtaiona mwishoni.

Mada niliyopewa ni usimamizi wa mashine pepe na hifadhi, yaani diski zinazobeba data. Nimeomba niweke uzito kwenye hifadhi, kwa sababu huko ndiko watu wa kazi yetu wanakoumizwa, na huko ndiko nilikoumia mimi.

Humu ndani wapo pia wahasibu na walimu, kwa hiyo niweke msingi kidogo. Mashine pepe ni kompyuta kamili iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina diski, ina kadi ya mtandao, na yenyewe haijui kwamba vyote hivyo imegawiwa. Programu inayogawa inaitwa haipavaiza. Jambo hili si la juzi. IBM walikuwa wakiliendesha kwenye kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatangaza VM/370, mfumo uliomfanya kila mtumiaji wa kompyuta kubwa moja ajione ana ya kwake peke yake. Kompyuta zetu hizi za kawaida zilichelewa kwa sababu prosesa zake hazikuundwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1999 VMware walitoa programu iliyopita njia ya pembeni, kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakauweka uwezo huo ndani ya prosesa yenyewe. Mwaka 2007 haipavaiza iitwayo KVM ikaingia ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Kuanzia hapo, kijana wa Kigoma mwenye kompyuta nzuri kiasi na Linux ya bure ana chombo kile kile anachotumia mwenzake wa Frankfurt.

Faida yake kwetu ni kubwa. Kituo chenye fedha ya seva moja kinaendesha humo mfumo wa wagonjwa, mafaili ya utawala, uhasibu na mashine ya majaribio, na moja ikivurugika zile nyingine haziguswi. Mashine mpya unaitengeneza kwa dakika tano. Na hapo ndipo tunapojisahau, maana kinachoundwa kwa dakika tano tunakichukulia kama kitu chepesi, wakati diski iliyo chini yake imebeba majina ya watu, vipimo vyao na madeni yao.

Sasa niwaeleze ule usiku.

Nilikuwa nahudumia kituo kimoja cha afya, jina lake halina umuhimu kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kilikuwa na seva moja yenye mashine pepe nne. Diski za mashine hizo zilikuwa mafaili manne ndani ya saraka moja, yaani folda, kwenye hifadhi ya terabaiti mbili. Mwezi Agosti, kabla ya kuboresha mfumo wa wagonjwa, nilipiga snapshoti ili mambo yakiharibika niweze kurudi nyuma. Uboreshaji ukaenda vizuri. Nikaaga, nikaenda nyumbani. Snapshoti ikabaki pale.

Snapshoti ya aina ile inafanya kazi hivi. Faili la diski linafungwa, halipokei maandishi mapya tena. Linafunguliwa faili la pili juu yake, na kila kinachoandikwa kuanzia dakika hiyo kinaingia humo. Mashine ikitaka kusoma kitu inatazama kwanza faili la juu; isipokikuta, inashuka kwenye la msingi. Ni kama daftari la mapokezi lililojaa. Mmeanza daftari la pili, hakuna anayeandika tena kwenye la kwanza, lakini mgonjwa aliyeandikishwa mwaka jana na hajarudi tangu hapo, jina lake limo mle mle kwenye la kwanza.

Miezi saba ikapita. Faili la juu likanenepa kila siku. Mwezi Machi, saa nne usiku, dada wa mapokezi akanipigia: "Kaka, mfumo umeganda, na nina watu wanane kwenye benchi." Nikachukua bodaboda kutoka Gungu. Chumba cha seva kilikuwa stoo ya zamani, seva imewekwa kati ya makatoni ya glavu, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya plastiki. Nikawasha skrini. Mashine zote nne zilikuwa zimesimama, na hifadhi imejaa asilimia 100.

Hapo mtambue kwamba mashine zile zilikuwa hazijafa. Hifadhi ikijaa, KVM huisimamisha mashine inayotaka kuandika, ikaisubirisha pale pale ilipofikia ili isiharibu data. Ukipata nafasi unaiambia iendelee, na inaendelea kana kwamba ilikuwa imefumba macho tu. Mimi wakati ule nilikuwa silijui hilo vizuri. Nilichokijua ni watu wanane kwenye benchi.

Nikafungua saraka, nikayapanga mafaili kwa tarehe. Yote yalikuwa na tarehe ya siku ile, isipokuwa moja la gigabaiti 340 ambalo mara ya mwisho liliandikwa Agosti. Nikajiambia hili ni la zamani, limebaki tangu kwenye uboreshaji. Nikalifuta.

Lilikuwa faili la msingi. Tarehe yake ilikuwa ya zamani kwa sababu lilikuwa limefungwa, na lilikuwa limefungwa kwa sababu mfumo mzima wa wagonjwa ulikuwa umelisimamia.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kilichofuata ndicho nilichokuja kuwaambia. Baada ya kulifuta nikaangalia nafasi tena. Asilimia 100. Haikupungua hata kidogo. Faili la gigabaiti 340 limetoka kwenye orodha na nafasi haikurudi. Linux haitupi yaliyomo ndani ya faili wakati bado kuna programu imelishika. Jina linatoka, yaliyomo yanabaki mpaka programu ya mwisho iliyolishika iachie. Na mashine pepe, iliyokuwa imesimama tu, ilikuwa bado imelishika. Ningeingia kwenye saraka ya /proc, ambako Linux huorodhesha programu zinazoendelea, nikatafuta namba ya ile programu inayoendesha mashine, ningelikuta faili langu humo, zima, nikalinakili kwenda kwenye diski ya nje. Kazi ya saa moja. Kila kitu kingerudi.

Badala yake nikaona nafasi haijarudi, nikadhani seva imechanganyikiwa, nikaizima mashine kwa nguvu ili niiwashe upya. Ilipozimwa ikaliachia faili. Nafasi ikarudi, zile mashine nyingine tatu nikaziendeleza, zikaanza kuandika juu ya sehemu zilizoachwa wazi. Mashine ya wagonjwa ikagoma kuwaka. Nilikaa na programu za kufufua mafaili mpaka adhana ya alfajiri, nikapata vipande visivyounganika.

Bakapu, yaani nakala ya akiba, tuliyokuwa nayo ilikuwa ya databesi peke yake, na ilikuwa ya wiki sita nyuma, kwa sababu diski ya nje ilikuwa imejaa na hakuna aliyekuwa anasoma ujumbe wa makosa. Wapokezi wawili na mhasibu walikaa siku kumi na moja wakiingiza upya wiki sita kutoka kwenye madaftari. Mmoja wao alikuwa mjamzito wa miezi minane. Alikuwa akinyanyuka kila baada ya nusu saa kunyoosha mgongo, halafu anarudi kukaa, na hakunisema hata siku moja.

Kuna jambo lingine nililigundua baadaye, na ndilo linalonikaa moyoni mpaka leo. Faili la msingi lilikuwa halijabadilika kwa miezi saba. Kwa hiyo kama ningekuwa na nakala yake yoyote iliyopigwa baada ya snapshoti, hata ya Septemba, hata ya Agosti yenyewe, ningeirudisha chini ya faili la juu na mfumo ungewaka na data ya siku ile ile. Bakapu moja tu kama hiyo ya diski nzima, hata iliyochakaa, ingetosha.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta faili lolote kwenye hifadhi ya mashine pepe, liulize faili lenyewe. Kuna amri inaitwa qemu-img info. Iongezeeni neno --backing-chain, na kama mashine inawaka ongezeni -U, itawaonyesha mnyororo wote: faili gani limekaa juu ya lipi. Ni sekunde mbili. Na snapshoti mkishamaliza nayo, iunganisheni. Mimi sasa snapshoti haizidi siku tatu. Naiandika kwenye karatasi, naibandika kwenye mlango wa kabati la seva pamoja na tarehe ya kuiondoa, na karatasi hiyo haitoki mpaka snapshoti imeondoka.

Lingine, wekeni faili la akiba. Tengenezeni faili la kushikilia nafasi tu la gigabaiti ishirini au thelathini kwenye kila hifadhi, lipeni jina ambalo mtu aliyechoka saa nne usiku atalielewa, kwa mfano FUTA-HILI-KUKIJAA. Siku hifadhi ikijaa unalifuta, unaziambia mashine ziendelee, unapata nafasi ya kufikiri. Ningekuwa nalo usiku ule ningekunywa chai kwanza.

Lakini kwa nini hifadhi inajaa bila kutarajiwa? Mara nyingi ni kwa sababu tumegawa kwa ahadi. Unaiambia kila mashine ina diski ya gigabaiti 500. Ziko sita. Hiyo ni terabaiti tatu, na wewe unazo mbili. Hakuna anayekukatalia, maana diski ya mashine huchukua tu kile kilichokwisha kuandikwa. Wanachama wa VICOBA hapa wananielewa: sanduku linakopesha vizuri kwa sababu wote hawaji kuchukua siku moja. Kugawa hivyo si kosa, na mimi nafanya. Kosa ni kugawa hivyo halafu usiangalie sanduku. Mfumo utume ujumbe kwenye simu hifadhi ikifika asilimia 80, na ujumbe huo uende kwa watu wawili, kwa sababu mmoja siku hiyo atakuwa msibani.

Tena mashine ikifuta vitu ndani yake, faili lake huku nje halipungui lenyewe. Mpaka uwe umeruhusu mashine iitaarifu hifadhi kwamba sehemu fulani haihitajiki tena. Kwenye mipangilio ya diski tafuteni discard, iwasheni, na ndani ya mashine ya Linux iendeshwe amri ya fstrim kila wiki. Niliwahi kurudisha gigabaiti 410 kwa hilo tu, kwenye seva ambayo wenyewe walikuwa wameshaandika barua ya kuomba fedha za diski mpya.

Nije kwenye kuhamisha. Wengi wenu mna seva zilizofungwa VMware. Broadcom walipomaliza kuinunua kampuni hiyo Novemba 2023, waliacha kuuza leseni za kudumu, sasa unalipia kwa kipindi. Ofisi nyingi ndogo zimeshindwa, zinauliza zihamie wapi. Ninayoitumia mimi ni Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe, inatengenezwa Vienna tangu 2008, imekaa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na ndani yake ni KVM ile ile. Diski unazigeuza kutoka muundo wa VMware kwa qemu-img convert. Faili la gigabaiti 80 kwenye waya wa mtandao wa gigabiti moja kwa sekunde linasafiri kwa kama dakika kumi na mbili.

Hapo kwenye kuhamisha kuna shimo moja ambalo kila mtu analitumbukia, naomba nyinyi mlipite. Mashine ya Windows ikihamia KVM, ukiiwekea diski ya aina ya virtio, ambayo ndiyo yenye kasi, inawaka ikakuonyesha ukuta wa bluu na maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Watu wanadhani diski imeharibika njiani, wanaanza kuhamisha upya, mara ya pili, mara ya tatu. Diski ni nzima. Windows haina draiva, ile programu ndogo ya kuisoma, basi. Fanyeni hivi: iwasheni kwanza kwa diski ya aina ya SATA, itawaka polepole lakini itawaka. Iongezeeni diski ndogo ya pili ya gigabaiti moja, hiyo iwe virtio. Wekeni draiva. Windows ikishaiona ile ndogo, zima, igeuze diski kubwa nayo iwe virtio, iondoe ile ndogo, washa. Mara ya kwanza nilipoona imewaka nilipiga kelele peke yangu ndani ya chumba.

Kuna jambo la ubora wa nakala ambalo napenda kulieleza kwa kutumia meli yetu. Sote tumekua tunaiona Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaingizwa kwenye makreti, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakiondoka waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikakutwa mitambo inatengenezeka, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba.

Ile grisi ndiyo ninayoitaka kwenye bakapu zenu. Ukiinakili mashine pepe inayowaka bila kuiambia kitu, unapata diski katika hali ambayo ingekuwa nayo kama umeme ungekatika ghafla. Databesi imeandika nusu ya malipo, nusu nyingine iko kwenye kumbukumbu. Mara nyingi itajirekebisha ikiwashwa. Mara nyingine haitajirekebisha. Dawa yake ni programu ndogo inayowekwa ndani ya kila mashine, inaitwa qemu-guest-agent. Kabla ya nakala kuanza, haipavaiza inaibisha hodi. Yenyewe inaiambia mashine imalize kuandika kila kilicho mkononi, inazuia maandishi mapya kwa sekunde chache, nakala inaanza, kisha inaachia. Kuiweka ni dakika moja kwa kila mashine. Nimekagua seva nyingi mkoani humu na sehemu kubwa hazina. Tafadhali, mkirudi kazini Jumatatu, anzeni na hiyo.

Na kwa kuwa nimetaja umeme. Wenyeji mnakumbuka miaka ya majenereta ya dizeli kabla hatujaungwa gridi ya Taifa, jinsi taa zilivyokuwa zikipumua. Hali imebadilika, lakini radi ya Kigoma ni ile ile. UPS ya seva, yaani betri yake ya akiba, iunganishwe na seva kwa kebo yake ya data, siyo waya wa umeme tu, ili betri ikibaki dakika tano seva ijue na izime mashine zake moja moja kwa utaratibu. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tu ajali kwa dakika kumi na tano.

Swali ninaloulizwa kila mahali: tuweke klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja? Tuweke Ceph, inayosambaza data kwenye seva hizo? Ceph ni kazi ya kuheshimika sana. Ilianzia kwenye utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na kwa kawaida inaweka nakala tatu za kila kipande cha data kwenye seva tofauti. Lakini inataka seva tatu au zaidi, mtandao wa ndani wa gigabiti 10, na mtu anayeielewa aliye karibu. Ofisi yenye seva mbili na fundi mmoja anayehudumia wilaya nzima isiiguse. Nasema hivi nikiwa nimeshaona klasta nzuri ya Ceph inasuasua kwenye swichi ya gigabiti moja mpaka wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi.

Kwa ofisi zetu nashauri seva mbili, kila moja na diski zake katika ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, na mashine zinakiliwe kutoka moja kwenda nyingine kila dakika 15. ZFS ilitoka Sun Microsystems mwaka 2005. Ninachoipendea ni kwamba kila kipande cha data kina hesabu yake ya uhakiki pembeni. Diski ikianza kuoza kimyakimya, ikakurudishia herufi ambazo hukuandika, ZFS inagundua, inachukua kipande kizima kutoka diski pacha na kukirekebisha. Mwambieni mkuu wenu ukweli: seva moja ikifa, tunaweza kupoteza kazi ya hadi dakika 15. Akubali hilo kwa maandishi. Vituo vingi wanaweza kuishi nalo, kwa sababu dakika 15 mpokezi bado anazikumbuka.

Seva mbili zina tatizo lao, na ndiyo maana hii ndogo iko hapa mezani. Waya wa kati ukikatika, kila seva inaona mwenzake amekufa. Kila moja inasema mimi ndiye niliyebaki, inawasha mashine ya wagonjwa. Sasa mna mifumo miwili ya wagonjwa, kila mmoja unasajili watu wake, na kuiunganisha tena ni kazi ya machozi. Kiswahili kina neno la dawa yake tayari: akidi. Wajumbe watatu, akidi ni wawili. Seva isiyofikisha akidi hainyanyui kitu. Kompyuta ndogo hii haiendeshi mashine yoyote, haihifadhi chochote, kazi yake ni kupiga kura tu. Ifungwe chumba kingine, iwe na umeme wake.

Sasa bakapu, ambayo haifanani na hayo yote niliyosema. Kunakili kila dakika 15 si bakapu. Ukifuta faili kwa makosa kama nilivyofuta mimi, ndani ya dakika 15 kosa lako limefika upande wa pili. Virusi wakifunga mafaili, yanafungwa pande zote mbili. Bakapu inatakiwa ikumbuke jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita, na moja iwe mbali. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipoharibika, intaneti ya nchi nzima ilizorota. Ofisi zilizokuwa na kila kitu nje ya nchi zilikaa zikitazama duara linazunguka. Kwa hiyo "mbali" kwa sisi ninamaanisha Kasulu kwanza.

Hesabu yake ni hii. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa yako peke yako, inapitisha kama gigabaiti 4.5 kwa saa. Gigabaiti 500 za kwanza zitachukua zaidi ya siku nne na nusu usiku na mchana, na laini haitakuwa yako peke yako. Basi nakala ya kwanza mimi niliipeleka kwa basi, diski mapajani, imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa imesimbwa, hata ningeibiwa stendi asingesoma mtu. Taarifa za wagonjwa zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023, na basi halijaondolewa humo. Baada ya hapo kila usiku yanakwenda mabadiliko tu, na kwa ofisi ya kawaida ni gigabaiti chache, zinamalizika kabla ya jogoo.

Na bakapu ambayo hujawahi kuirejesha huijui. Mimi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nachukua mashine moja, nairejesha kutoka Kasulu kwenye mtandao uliotengwa, naiwasha, namwita mpokezi. Simuulizi kama imewaka. Namwambia, nitafutie mgonjwa uliyemsajili juzi. Akimpata, naandika tarehe na dakika ilizochukua. Mwezi uliopita ilichukua dakika 52. Mwezi mmoja mwaka jana hakumpata, na ndipo tukagundua kwamba diski ya pili ya mashine ile, tuliyoiongeza baadaye, haikuwahi kuingizwa kwenye orodha ya bakapu. Ilikuwa miezi mitatu hivyo, na ripoti za kila asubuhi zilikuwa zinasema imefanikiwa.

Sasa tuje mezani. Kwenye kompyuta hii ya kushoto inawaka mashine pepe yenye daftari la mahudhurio ya leo. Majina yenu mlipoyaandika kwenye tableti pale mlangoni yaliingia humu. Nakala ya mwisho kwenda upande wa kulia imepita dakika nne zilizopita, mnaiona kwenye skrini. Hii ndogo inapiga kura. Nikichomoa umeme wa kushoto, zile mbili zitakuwa na akidi. Kwa kawaida hupita kama dakika mbili, hivi, kabla ya upande wa kulia kuiwasha mashine.

Dada wa Kakonko, njoo mbele tafadhali. Waya ni huu mweusi. Ukishauchomoa, kaa hapa kwenye kiti, na mashine ikiwaka tutafutie jina lako.